Ngozi na mfupa wa Datsun ya mjomba

*Ninakuandikia kutoka Muhungu. Mjomba wangu alifariki mwaka jana, na mimi ndiye niliyeachiwa gari lake la mashindano, Datsun 160J ya zamani aliyokimbia nayo kabla sijazaliwa. Limelala miaka mingi nyuma ya nyumba chini ya turubai. Injini tumeiamsha na inaitika vizuri. Shida ni bodi. Upinde wa tairi la nyuma, upande wa kushoto, umeliwa na kutu hadi ngumi inapita. Milango chini imekuwa kama chujio. Paa limebonyea, maana mjomba aliwahi kupinduka nalo. Fenda za mbele zimejaa alama za mawe. Na chini ya kiti cha dereva ninaona majani.*

*Fenda moja niliipeleka kwa mchomeleaji. Ilirudi na matundu mengi kuliko ilivyokwenda, tena imekunjamana kama ziwa lenye upepo. Tangu siku hiyo mama hataki kusikia habari ya kuchomelea. Anasema nitaimaliza kumbukumbu ya kaka yake. Na umeme wenyewe unaujua, mzee: unakuja usiku wa manane, tukiamka delestaji imeshauchukua. Rafiki zangu wananiambia nijaze matundu kwa magazeti, nipake mastiki juu, nipulize rangi, basi. Je, inawezekana kuitengeneza bodi hii na kuilainisha bila kuchomelea hata mara moja? Dada yangu anaolewa Septemba, na ninataka apande gari la mjomba. Mwaka ujao, Mungu akipenda, ninataka kukimbia nalo mimi mwenyewe.*

*Mpwa wa Dereva, Muhungu*

Mwanangu, pole kwa msiba wa mjomba, na hongera kwa kuiamsha injini. Umeniuliza swali moja, lakini ndani yake naona magari mawili: la kumpeleka dada harusini, na la kukata kona kwa kasi kwenye barabara ya vumbi. Kazi ya lile la kwanza unaweza kuifanya karibu yote kwa mikono yako, bila moto wa kuchomelea. Lile la pili huwezi, na afadhali nikueleze sababu kabla hujanunua hata kipande cha msasa.

Gari lako halina fremu. Land Cruiser ukiivua bodi, chini inabaki fremu na ekseli zake na injini yake, na ukitaka unaweza kuiendesha hivyo hivyo hadi Panzi. Datsun yako ukiivua bodi, hubaki na kitu. Bati lenyewe ndilo linalobeba injini, linaloshika springi, linalokushika wewe na mkanda wako. Ndiyo maana mimi, kila ninapoletewa gari la namna hii, huligawa sehemu mbili kabla sijashika nyundo: ngozi na mfupa. Ngozi ni fenda za mbele, milango, boneti, kifuniko cha buti, bati la nje la upinde wa tairi la nyuma. Mfupa ni boriti za chini ya milango, nguzo za paa, sakafu pale inaposhika viti na mikanda, vikombe vya springi ndani ya chumba cha injini, na mahali mikono ya ekseli ya nyuma inapofungwa. Ngozi inakubali nyundo, gundi na riveti. Mfupa unataka moto, na mtu anayeujua moto.

Majani unayoyaona chini ya kiti yanakuonyesha mfupa uliooza.

Chukua bisibisi nene leo hii, ulale chini ya gari na kuligonga kila mahali kwa mpini. Bati zima hulia. Bati bovu hujibu kwa sauti nzito, kama kugonga gogo lililolowa. Penye sauti nzito, geuza bisibisi na usukume ncha. Ikizama, piga duara kwa chaki. Usimhurumie mjomba hapa, wala usijihurumie. Ukimaliza, hesabu maduara yaliyo kwenye ngozi na yaliyo kwenye mfupa. Hapo ndipo utakapoijua kazi yako.

Halafu fungua boneti, futa mafuta yaliyogandamana kwenye vikombe vya springi na utazame mishono. Kiwanda huunganisha mabati kwa nukta za moto zilizoachana. Wanaotayarisha gari la mashindano huongeza mishono mirefu kati ya nukta hizo, ili bodi isilegee kwa kupigwa na mashimo. Ukiiona mishono hiyo, ujue mjomba alilitayarisha gari kwa akili, na kwamba aliyemsaidia alikuwa fundi wa kweli. Isafishe, uipake rangi, usiifunike kwa chochote.

Ninaisisitiza habari ya mfupa kwa sababu ya gari lenyewe. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda Safari Rally kwa Datsun 160J mwaka 1979 na 1980, Mike Doughty akiwa kando yake kumsomea njia, na mwaka 1981 na 1982 wakashinda tena kwa Violet GT ya ukoo huohuo. Safari ya miaka ile haikuwa mbio za kuonyesha rangi. Mwaka 1968, mvua ilipoziharibu njia, magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 ya Nick Nowicki na Paddy Cliff. Kwenye mbio za namna hiyo fenda ikibonyea hadi kugusa tairi, fundi huikunjua kwa nyundo dakika mbili na gari likaendelea. Kikombe cha springi kikipasuka, mbio zimekwisha. Wale waliofika walikuwa tayari kupoteza ngozi kwa sababu mfupa waliukaza mapema.

Sasa tuje kwenye aibu yako, maana nimeisoma kati ya mistari. Unadhani kutengeneza bila kuchomelea ni kazi ya maskini asiye na umeme. Si hivyo. Ndege ulizozoea kuziona zikishuka kuelekea Kavumu zimeshonwa kwa maelfu ya riveti. Land Rover za zamani zilizopanda milima yetu zina mabati ya alumini, na mengi yamefungwa kwa riveti. Mwaka 1996 Lotus ya Uingereza ilitoa Elise, gari la kasi ambalo fremu yake ya alumini imeunganishwa kwa gundi ya epoksi. Gundi nzuri iliyopakwa juu ya bati safi hushika kuliko wengi wanavyoamini. Lakini wale waliipanga tangu kwenye karatasi, wakaacha maungio mapana yanayoifaa gundi. Mfupa wa Datsun yako ulipangiwa moto, kwa hiyo usije ukaniletea habari ya Elise tukifika kwenye sakafu.

Kwa ngozi, hata ungekuwa na umeme usiku na mchana, mimi nisingekuruhusu uipeleke kwa mtu yeyote mwenye mashine ya fimbo. Bati la nje la gari kama lako lina unene wa karibu milimita 0.8. Fimbo ya kuchomelea inayopatikana kila mahali kwetu ni ya milimita 2.5, na imetengenezwa kwa milango ya chuma na mageti. Ukiigusisha kwenye bati jembamba, ama halishiki ama linatoboka, na mchomeleaji akijaribu kuziba tundu alilolifanya, anafanya la pili. Wakati huohuo joto linalitanua bati, na likipoa halirudi lilipokuwa. Hayo mawimbi uliyoletewa nyumbani ndiyo hayo. Fundi yule pengine hakuwa mzembe. Alitumia chombo kisicho cha kazi ile.

Anza na fenda, maana zinafunguka. Boliti zake zimekwama, bila shaka. Zimwagie mchanganyiko wa dizeli na oili nyepesi, jioni na asubuhi, siku mbili tatu, kabla hujaweka ufunguo. Boliti iliyokatika itakulazimisha kutoboa, na kila tundu jipya ni mlango mpya wa kutu.

Ukishaitoa fenda, shona mfuko wa kitambaa kigumu, suruali ya jinzi iliyochakaa inafaa sana, uujaze mchanga mkavu wa mto uliochekechwa. Huo ndio mto wa kulazia bati. Tafuta nyundo mbili: moja ya mti mgumu uliyoichonga mwenyewe, uso wake wa mviringo kidogo, na moja ya chuma, nyepesi, uso laini kama kioo. Na upate fuawe ya mkononi, yaani kipande cha chuma kizito kinachokaa vizuri kiganjani. Kipande cha reli kilichosuguliwa kingo ni hazina. Watu wengi hukimbilia nyundo ya chuma. Chuma kikigongana na chuma, bati lililo katikati hufinywa, likawa jembamba, likapanuka, na bati lililopanuka halina pa kwenda ila kuvimba. Mti hulisukuma bila kulifinya. Robo tatu ya kazi yako ifanywe na mti.

Kisha kuna mpangilio, na hapa ndipo wanafunzi wangu wote walipoteleza. Bati linapobonyezwa, katikati huingia kwanza, kisha pembeni pakajikunja na kuwa kama ukingo wa sahani. Ukingo ule ndio unaolifungia bonde. Ukianza kugonga katikati, unapigana na ukingo, na unalipanua bati bure. Anza pembeni. Weka fuawe chini ya bonde ikilisukuma kwenda juu, na kwa nyundo gonga ule ukingo uliotokeza nje, polepole, ukizunguka. Kilichoingia mwisho hutoka kwanza. Utashangaa: mara nyingi katikati hupanda yenyewe, kwa sauti ndogo, tak, na mkono wako utaisikia kabla ya sikio.

Kwa mlango uliobonyea penye nafasi finyu, ambapo fuawe haiingii, mimi hutumia mpira wa ndani wa baiskeli. Ukunje, uusokomeze kati ya bati la nje na fremu ya ndani ya mlango, uupige pampu taratibu huku mkono wako mwingine ukigonga ukingo kwa nyundo ya mti. Hewa husukuma sawasawa pande zote, na haiachi alama.

Fenda iliyoharibiwa na moto usiitupe. Pale ilipovimba na kuyumba ukiibonyeza, bati limepanuka na linahitaji kunyweshwa, kama tusemavyo garajini, yaani kurudishwa udogo wake. Utahitaji taa ya moto ya mafuta ya taa. Pasha nukta moja ndogo, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, hadi iwe nyekundu. Igonge mara tatu nne kwa nyundo ya mti ukiwa umeiegemeza kwa fuawe, kisha ibandike kitambaa kilicholowa maji. Bati litajivuta. Ruka upana wa kiganja, ufanye nukta nyingine, na usifanye zaidi ya unazohitaji. Huu ni moto, nakubali, ila si kuchomelea, na mama unaweza kumwita aje atazame.

Paa lina jambo lake. Kabla hujaligusa, chukua kamba isiyovutika na upime kutoka pembe ya chini ya kioo cha mbele kushoto hadi pembe ya juu kulia, kisha kinyume chake. Pima na mianya ya milango pia. Vipimo vikilingana na milango ikijifunga bila kuinuliwa, nguzo zimesimama na kilichobonyea ni ngozi peke yake. Vikitofautiana zaidi ya milimita chache, nguzo imepinda, na hiyo ni kazi ya mfupa. Ikiwa ni ngozi tu, vua kitambaa cha ndani, lala chali kwenye viti, vaa soksi nene na usukume kwa nyayo zako, kuanzia pembeni kwenda katikati. Usiweke jeki juu ya sakafu ile iliyooza. Nimewahi kumwona mtu akifanya hivyo. Jeki ilishuka chini na paa halikupanda.

Tufike kwenye upinde wa nyuma, ambao ndio moyo wa swali lako. Kwanza toa tanki la mafuta ulipeleke mbali, kwa sababu hata bila kuchomelea utapiga cheche. Kisha kata kutu yote. Usiihurumie. Kata hadi bati liwe jeupe na linalia, halafu ongeza sentimita mbili. Tundu la ngumi litakuwa tundu la sahani, na utaogopa, ni kawaida. Fanya kiolezo kwa katoni, ukikunje kifuate mviringo wa upinde, ndipo ukihamishie kwenye bati.

Bati gani? Si mabati ya kuezekea, hayo ni membamba mno. Boneti la gari lililokufa ni zuri. Pipa la chuma la lita 200 pia ni zuri, unene wake huwa kati ya milimita 0.8 na 1.2 hivi, lakini tafuta lililobeba mafuta ya kula. Lililobeba petroli usiliguse kwa mashine ya kukatia wala kwa moto, hata kama limekaa tupu miaka miwili. Mvuke uliobaki ndani unatosha kuua. Kata kwa tindo na mkasi wa bati, ulainishe kingo kwa tupa.

Kiraka kiingie kwa nyuma ya bati la zamani, kikilizidi tundu kwa sentimita mbili na nusu kila upande. Kwaruza pande zote mbili zitakazokutana kwa msasa namba 80 hadi zing'ae, zifute kwa tina na kitambaa safi, na kuanzia hapo usizishike kwa vidole. Jasho la mkono ni adui wa gundi. Kishikize kiraka kwa koleo, toboa matundu ya riveti kila sentimita tatu au nne kwa keekee ya mkono, kisha kila tundu lipe kibonyeo kidogo kwa ncha ya mviringo, ili kichwa cha riveti kizame chini ya uso wa bati. Kivue tena. Paka gundi ya epoksi ya bodi pande zote mbili, si ile ya kubandikia viatu; soma tarehe kwenye mrija, maana inayofika kwetu imesafiri sana. Rudisha kiraka, funga riveti kuanzia katikati kwenda nje, usikaze hadi gundi yote itoroke. Riveti ziwe za chuma. Za alumini zikikutana na chuma na maji ya mvua, huliwa polepole, na siku moja utazikuta vumbi.

Vitabu husema gundi hiyo ikae saa 24. Vitabu hivyo havikuandikwa mita 1,500 juu ya bahari, na usiku wetu wa Julai una baridi inayoichelewesha epoksi. Mimi huipa siku mbili kamili. Baadaye, upande wa ndani wa upinde, ziba kingo zote za kiraka kwa dawa ya mishono kisha rangi ya lami, kwa sababu tairi litaurushia matope kila siku ya maisha yake.

Milango chini ni kazi ileile kwa udogo, ila tafuta kwanza kilichoiozesha. Kuna vitundu vya kutolea maji chini kabisa ya kila mlango. Nina hakika ukivizibua utatoa udongo na majani ya miaka. Mlango usiokojoa huoza. Ukishaweka viraka, mimina ndani nta ya mishumaa iliyoyeyushwa na oili mpya kwenye sufuria iliyokalishwa ndani ya maji ya moto, kamwe si juu ya jiko moja kwa moja.

Niruhusu nikumbuke kidogo. Kabla mastiki ya kopo haijaenea, mafundi wa bodi walijaza mabonde kwa mchanganyiko wa risasi na bati, lile bati jeupe linalotoka kwenye kasiteriti, kwa kawaida sehemu 70 za risasi kwa 30 za bati, wakiuyeyusha kwa taa ya moto na kuulainisha kwa kibao cha mti kilichopakwa mafuta. Hushika chuma kwa namna ambayo mastiki haitafikia. Na kasiteriti yenyewe inachimbwa hapa hapa, Kalehe na Walungu, inashuka milimani mgongoni kwa vijana wa umri wako, inavuka mipaka, na inaturudia imekuwa waya mdogo wa kulehemu ndani ya pakiti. Kila ninapouona waya ule dukani huwa nauchukua na kuutazama muda mrefu. Lakini usiitumie njia hiyo. Vumbi la risasi likiingia kifuani halitoki, na nyumbani kwenu huenda kuna watoto. Kwa ajili hiyohiyo funga barakoa unapokwangua rangi ya zamani ya gari, maana rangi za miaka ile nyingi zilikuwa na risasi, na kifagie kile kinachodondoka kikiwa kimelowa.

Sasa mastiki, ile ambayo ndugu zetu wa Nairobi na Dar es Salaam huiita puti. Rafiki zako wamekushauri vibaya, na ninasema hivyo nikijua wanakupenda. Mastiki hunywa maji. Gazeti lililo nyuma yake hunywa maji zaidi, na huyashika. Ukifanya walivyokuambia, gari litapendeza siku ya harusi, na kabla mvua za Novemba hazijaisha utaona malengelenge, kisha kipande kizima kitakuangukia mkononi. Tena lile gazeti litakuwa limeila sehemu nzuri iliyobaki. Mastiki ni ya kuziba tofauti ndogo ambayo nyundo imeshindwa kuiondoa, isiyozidi milimita tatu. Ukijikuta unaongeza tabaka la tatu, rudi kwenye nyundo.

Bati tupu lisilale tupu hata usiku mmoja; umande wa ziwa hulipaka kutu kabla ya alfajiri. Lipake rangi ya msingi ya epoksi, ikikauka ikwaruze, ndipo uweke mastiki. Dawa ya kugandisha ni gramu 2 kwa kila gramu 100 za mastiki. Watu wenye haraka huizidisha, mastiki ikaganda ubaoni na rangi yake ikatokeza baadaye kama doa. Una dakika nne au tano tu, basi changanya kidogo kidogo.

Kusugua ndiko kunakolifanya gari liwe zuri au baya, na hakuna siri ila kibao na subira. Usisugue kwa vidole. Vidole huchimba mifereji. Chukua kibao kilichonyooka cha sentimita 40, kivishe msasa namba 80, na usugue kwa mshazari, kushoto kisha kulia, mistari ikikatana. Kabla ya kila duru, paka unga wa makaa ya jikoni uliosagwa na kuchekechwa juu ya sehemu nzima. Palipobaki weusi ni bonde, palipotoka upesi ni kilima. Macho hudanganywa na rangi, makaa hayadanganyi. Panda namba 120, 180, hadi 240, yote kavu. Maji usiyalete hadi mastiki yote imefunikwa kwa rangi ya msingi.

Amka mapema. Jua linapotokea upande wa Rwanda na kulala juu ya bati, kila wimbi hujionyesha kwa kivuli chake. Saa moja ya asubuhi itakufundisha kuliko mchana mzima. Pitisha kiganja kilichofunikwa kitambaa chembamba, ukiwa umefumba macho, kwa urefu wa mlango mzima. Ukihisi kitu, kipo.

Rangi nitaipita haraka, kwani ni barua nyingine. Maliza kupaka kabla ya katikati ya Agosti, mvua hazijarudi. Paka kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, sakafu ikiwa imemwagiwa maji ili vumbi la kiangazi lilale. Usiweke rangi ya selulosi juu ya rangi ya mafuta, itajikunja kama ngozi ya maziwa. Na rangi zile zenye dawa ya kugandisha yenye isosianati ziache kwa wenye chumba na barakoa ya hewa. Huharibu mapafu ya mtu mara moja na kwa daima.

Ninarudi kwenye sakafu. Ulisema bila kuchomelea hata mara moja, na hapo ninakukatalia. Tundu lililo karibu na boliti za kiti na mkanda halizibwi kwa riveti, wala kwa gundi, wala kwa nyuzi za kioo na resini. Gari likigonga kitu, hata kwa mwendo wa harusi, kiti kitang'oka. Tafuta fundi mwenye mashine ya waya, ile inayolisha waya wa milimita 0.6 au 0.8, mwenye jenereta isiyoyumba. Mwambie akuonyeshe kwanza alichofanya kwenye bati jembamba. Wewe mtayarishie kila kitu: vua viti, kata uozo, tengeneza viraka, kwaruza hadi uweupe. Ukimpelekea kazi safi atamaliza siku moja, na moto utagusa tu pale mfupa unapouhitaji. Mwombe mama aende nawe. Akiona kwamba hakuna anayeigusa sura ya gari la kaka yake, nafikiri moyo utatulia.

Kuhusu kukimbia nalo mwaka ujao, usijiandikishe popote hadi fundi wa aina hiyo ameupitia mfupa wote, nguzo kwa nguzo, na kufunga ngome ya mabomba ndani. Paa lililowahi kupinduka haliaminiwi kwa macho. Mjomba alitoka hai mara ile, na nataka na wewe utoke hai ikibidi.

Kitu cha mwisho. Gari lililokimbia zamani huenda lina namba yake mlangoni bado, iliyochorwa kwa mkono, imefifia chini ya vumbi. Osha mlango kwa maji na sabuni ya kawaida, polepole, kabla ya jambo lolote lingine. Ukiiona, simama hapo. Funika sehemu ile kwa karatasi, tengeneza chini ya mlango peke yake, uniandikie tena kabla msasa haujafika kwenye namba.